Glavu ya Mchomeleaji

Kazini waliniita Dada Vishimo. Siku nzima nilikuwa nimeinamia sahani ya plastiki yenye ukubwa wa kiganja na vishimo tisini na sita. Nilitia humo kwa pipeti matone ya majimaji ya damu ya wagonjwa, nikaosha, nikaongeza dawa, nikasubiri, nikaosha tena. Baada ya kama masaa manne vishimo hugeuka njano. Njano iliyokoza maana yake protini ninayoitafuta ni nyingi. Njano hafifu, ni kidogo. Mashine inasoma ile rangi na kuigeuza namba, namba inakwenda wodini, na wodini wanaamua mtu apewe nini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka sita, na wenzangu walikuwa wakisema nitazikwa na pipeti mkononi.

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya hospitali, ghorofa ya chini. Tulikuwa kwenye utafiti wa saratani ya damu. Mgonjwa anatolewa damu, tunatenga seli zake za kinga, tunazifundisha kuitambua saratani, kisha tunazikuza ndani ya kabati la joto kwa siku kumi na mbili mpaka ziwe mamilioni kwa mamilioni. Halafu anarudishiwa kwa dripu. Zikishika kazi, zinaua saratani kweli, nimeona kwa macho yangu. Lakini kuna mtu ambaye seli zake zinashika kazi kwa hasira kupita kiasi. Zinaitana, zinachocheana, mwili mzima unawaka homa, presha inaanguka, mapafu yanajaa maji. Protini niliyokuwa naipima mimi ndiyo hiyo ambayo seli hutumia kuitana. Ipo dawa ya kuzituliza, ilikuwa kwenye friji ya wodi. Kanuni ya utafiti ilisema itolewe namba yangu ikivuka kiwango fulani.

Mgonjwa wa saba alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Wagonjwa wengi hawataki kujua tunafanya nini na damu yao, lakini yeye aliomba aletwe aone. Aliletwa kwa kiti cha magurudumu, mumewe akisukuma. Mume alikuwa mchomeleaji, mtu mpana, mkimya, suruali yake imetobokatoboka matundu madogo ya cheche. Alisimama mlangoni akiogopa kugusa kitu.

Nilimweleza mwalimu kwamba kila sahani inaanza na vishimo ambavyo tunajua kiasi kilichomo, tunachora mstari kutokana na hivyo, kisha tunaangalia mgonjwa anaangukia wapi kwenye mstari.

"Na akizidi mstari wote?" akauliza.

"Tunazimua damu yake na maji ya chumvi, tunarudia."

"Eti mtoto akipata zaidi ya mia, mnampa mtihani mwingine," akasema, akacheka mpaka mumewe naye akatabasamu.

Alirudishiwa seli zake siku ya Jumatatu. Jumamosi asubuhi alipandwa na homa. Damu ilifika kwangu saa mbili kasorobo, nikaanza kazi mara moja. Saa sita na robo mashine ilisoma sahani. Kwenye vishimo vya mwalimu haikuandika namba. Iliandika: juu ya kipimo. Nilitazama vishimo vyenyewe, vilikuwa njano ya kiini cha yai.

Nilimpigia Profesa, mkuu wa utafiti.

"Namba ngapi?" akauliza.

"Hakuna namba, Profesa. Imezidi mstari."

"Basi hujapima bado. Zimua, rudia."

"Itanichukua mpaka saa kumi na kitu. Niwaambie wodini wakati nasubiri?"

"Uwaambie nini? Kwamba ni nyingi? Wodini wanataka namba, dada yangu. Kanuni inasema namba. Dawa ile tunayo dozi mbili tu. Rudia upesi, usiandike kitu ambacho hakiko kwenye mstari."

Ningeweza kukata simu na kupiga nyingine, wodi ilikuwa hatua mia mbili. Sikupiga. Nilibandika karatasi ya mashine kwenye daftari langu la kazi, nikaandika saa pembeni kama nilivyozoea, nikaanza upya. Namba ilipatikana saa kumi na nusu. Ilikuwa mara kumi na tisa ya kiwango. Walimpa dawa saa kumi na moja, na mwalimu akafa alfajiri.

Ripoti aliyoiandika Profesa ilisema kipimo kilikamilika saa kumi na nusu na dawa ikatolewa ndani ya nusu saa, kwa mujibu wa kanuni. Kila neno lilikuwa kweli. Niliisoma, nikatia sahihi pale palipoandikwa mtaalamu wa maabara, na wiki ile nikawa sili vizuri.

Siku ya kumi na tisa baada ya mazishi ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nagandisha sampuli. Mezani nilikuwa na jagi la chuma cha pua lenye naitrojeni ya kimiminika, kitu baridi kuliko unachoweza kuwaza, kinafuka moshi mweupe kama sufuria jikoni. Ndani ya kabati la joto kulikuwa na mfuko mmoja tu, seli za mgonjwa wa nane, mama mmoja fundi cherehani. Zilikuwa siku ya kumi na moja. Hakukuwa na akiba; damu yake haikuwa tena na seli za kuanzia upya.

Mwenzangu alikuwa kwenye mashine ya leza inayohesabu seli moja moja. Sote tulimwita Shemeji, kwa sababu siku aliyoajiriwa alimwuliza kila mwanamke pale kama ana dada. Alikuwa na miaka arobaini na mbili na hakuwa ameoa mdogo wa mtu yeyote.

Saa nne hivi nilisikia sauti ya mlinzi wetu mlangoni. Haikuwa ukelele. Ilikuwa kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Halafu kitu kizito kikaanguka, na mlango ukafunguliwa kwa teke.

Alikuwa yule mchomeleaji, ametoka karakana moja kwa moja. Tuliambiwa baadaye kwamba nesi mmoja alikwenda kutengenezewa dirisha, wakazungumza, nesi akamwambia kwa nia njema tu: pole sana, damu ya mkeo ilipelekwa maabara mapema, majibu ndiyo yalichelewa mpaka jioni. Mchomeleaji alizima mashine, akachukua kipande cha nondo, akatembea. Bado alikuwa na aproni ya ngozi na glavu za ngozi zinazofika karibu na kiwiko, pana mdomoni. Nondo ilikuwa na damu na kipande cha jino la mlinzi kimenasa kwenye mistari yake. Nilikiona kile kipande kabla sijauona uso wake.

"Nani alipima damu ya mke wangu?" akauliza. Hakupaza sauti.

Mimi nilikuwa nimesimama kama mita tatu kutoka kwake.

Shemeji aliinuka taratibu, mikono juu. "Mimi," akasema. "Kaka, weka hicho chuma chini tukae tuzungumze."

Mchomeleaji alimpiga upande wa kichwa. Ninajua sauti ya kioo kikivunjika na sauti ya plastiki ikivunjika, lakini ile sikuwahi kuisikia. Shemeji alizunguka nusu mzunguko, akashika kiti, kiti kikaja naye chini. Nondo ikashuka tena, ikamkuta begani, na mfupa wa bega ukatokeza chini ya koti jeupe kama kidole kinachosukuma shuka. Mara ya tatu ilimpiga mbavuni. Shemeji hakulia. Alikuwa akitoa pumzi fupi fupi, na damu ikimtoka sikioni, ikaenea sakafuni ikielekea kwenye viatu vyangu.

"Masaa mangapi?" mchomeleaji akawa anamwuliza mtu ambaye hasikii. "Alilala pale anakauka mdomo, ananiuliza majibu yametoka? Nikamwambia bado. Nikamwambia wanafanya kazi. Masaa mangapi ulikuwa umekaa hapa?"

Kisha akageukia mashine. Ile ya leza aliipiga mpaka ikafunguka tumbo, nyaya zikatoka nje. Sentrifuji, mashine ya kutenganisha damu kwa kuizungusha, ilikuwa inazunguka na mirija ya damu ndani. Aliivunja kifuniko ikiwa kwenye mwendo, na rota, gurudumu lake la ndani, ikaruka ikagonga ukuta, vipande vya mirija vikatawanyika chumba kizima. Kimoja kilinipasua shavu. Mashine ya kusoma sahani aliinyanyua yote, akaipiga chini, akaikanyaga. Alifanya kazi hiyo kwa mpangilio, kama mtu anayebomoa kitu alichokodiwa kukibomoa. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, na nilipogusa kitu cha vuguvugu mgongoni nikajua nimefika kwenye kabati la joto.

Alikuja.

"Toka."

"Humu kuna seli za mtu," nikasema. "Mama mmoja. Yuko hai, yuko wodini sasa hivi. Ukivunja hii naye anakufa."

"Na wangu alikuwa nani?"

Nikajibu lile swali aliloingia nalo. "Siye yule pale. Ni mimi. Mimi ndiye niliyepima damu ya mwalimu."

Alinitazama. Nadhani alinikumbuka, yule dada aliyemwonyesha mkewe mstari. Uso ulimlegea kidogo, nikadhani ameishiwa. Halafu akanipiga. Niliinua mkono wa kulia kujikinga, nondo ikaukuta kati ya kiwiko na kiganja, na mkono ukapinda mahali ambapo hapana kiungo. Maumivu hayakuja mara moja. Pigo la pili lilinipata pajani nikaanguka pembeni, nikaburura meza, na vitu vya mezani vikaniangukia, isipokuwa lile jagi ambalo lilibaki juu, linafuka.

Mlango wa kabati ulikuwa umefungwa kwa kitasa cha funguo. Alichomeka nondo kwenye upenyo na kuanza kuubandua, mkono wa kulia chini, ameinama, akitia uzito wote. Kioo cha ndani kilianza kulia. Ule mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea sakafuni, na mdomo wa glavu ulikuwa wazi, umetazama juu kama kikombe.

Hapa nataka nieleweke. Kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wageni wa maabara usalama wa naitrojeni. Somo la kwanza ni hili: ikimwagika kwenye ngozi tupu, mara nyingi inateleza na kukimbia, kama tone la maji kwenye kikaango cha moto, na utapata kovu dogo au usipate kabisa. Lakini ikiingia ndani ya kiatu au glavu ikakosa pa kutokea, inakula nyama mpaka mfupani. Ndiyo maana hatuvai glavu pana. Nilikuwa nalisema somo hilo kila mwezi. Ningeweza kummwagia usoni, angeshtuka akarudi nyuma. Ningeweza kummwagia mgongoni.

Nilisimama kwa mguu mmoja, nikashika jagi kwa mkono wa kushoto, nikalimimina lote ndani ya glavu.

Sekunde ya kwanza hakufanya lolote. Kisha akapiga yowe ambalo watu walilisikia ng'ambo ya barabara. Aliachia nondo, akaanza kuivuta glavu, lakini ngozi ya glavu ilikuwa imekwisha kuganda ngumu kama bati, haivuliki. Moshi mweupe ulikuwa unatoka mdomoni mwa glavu. Aliupiga mkono ukutani. Aliupiga tena, na nikasikia kitu ndani kikikatika, sauti kavu, ndogo. Akapiga magoti.

Niliokota nondo.

Pigo la kwanza nilimpiga begani, na hilo naweza kulieleza, maana alikuwa bado karibu na kabati na sikujua kama atainuka. La pili lilikuwa mgongoni, akiwa amelala kifudifudi, na hilo siwezi kulieleza. Nilikuwa nimeinua la tatu. Nililenga kichwa. Najua nililenga kichwa.

"Basi," Shemeji akasema kutoka sakafuni. Nilidhani amezimia. Jicho moja lilikuwa limefunguka, limejaa damu, linanitazama. "Basi, Dada Vishimo. Basi."

Nikaiacha ikaanguka.

Walinzi wa hospitali waliingia, kisha polisi, kisha machela nne. Mimi nilikataa kupanda yangu. Umeme wa chumba ulikuwa umekatika, na kabati la joto likipoa seli zinakufa. Nesi wa utafiti, mwanamke mfupi mwenye kauli za mkato, alikuja akanitazama mkono.

"Umevunjika."

"Najua. Fungua kabati, ufunguo uko shingoni kwangu. Chukua mfuko, ukumbatie ndani ya koti lako, tupande ghorofa ya pili kwenye kabati la wenzetu."

"Wewe huwezi kupanda ngazi."

"Nipande au nisipande, wewe hujui kuhesabu seli."

Tulipanda. Nilipanda nimekaa, ngazi moja moja, nikirudi kinyumenyume, mkono umefungwa kwa kanga ya mfagiaji. Juu, nesi alichukua tone kutoka kwenye mfuko na kulichanganya na rangi ya buluu kama nilivyomwelekeza. Seli iliyokufa inanywa ile rangi, iliyo hai inaikataa. Niliegemea darubini, nikahesabu mia moja. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye kioo, nesi akawa ananifuta kama anavyofutwa daktari wa upasuaji. Sita zilikuwa za buluu. Tisini na nne zilikuwa zinang'aa, safi kabisa.

"Andika tisini na nne," nikamwambia, kisha nikatapika kwenye ndoo ya taka na sikumbuki kingine.

Yule fundi cherehani alirudishiwa seli zake kesho yake. Alipata homa kidogo, ikashuka yenyewe. Hadi leo anashona.

Mlinzi alipoteza meno sita na taya likaungwa kwa waya. Shemeji alifunguliwa fuvu kutolewa damu iliyoganda. Sikio la kushoto halisikii tena. Mimi niliwekewa vyuma mkononi. Mchomeleaji alikatwa vidole vitatu na kipande cha kiganja, mkono wa kulia, mkono wa kazi.

Siku ya nne Profesa alikuja kuniona wodini. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mkoba wake mweusi mapajani. Profesa alimwamkia kwa heshima zote, akanipa pole, akasema mimi ni shujaa na hospitali nzima inalisema hilo. Halafu akasogeza kiti.

"Polisi watakuja kuchukua maelezo. Usijichoshe. Mtu alikuja na silaha, akajeruhi watu, wewe ukajitetea. Mambo ya vipimo hayahusiki."

"Atasema kwa nini alikuja."

"Atasema kulikuwa na uzembe. Hakukuwa na uzembe. Kile cha saa sita hakikuwa kipimo, unajua vizuri kuliko mimi. Mashine haikutoa namba." Alivua miwani, akaifuta. "Kompyuta ya ile mashine imevunjika kabisa, kwa hiyo hakuna kumbukumbu ya kumchanganya mtu. Limebaki daftari lako tu. Liko wapi, tuliweke mahali salama?"

"Sijui," nikasema. "Siku ile kila kitu kilitawanyika."

Alinitazama kidogo, akavaa miwani, akaaga.

Mama alisubiri mpaka nyayo zilipopotea. Kisha akafungua mkoba, akalitoa daftari, lina tone la damu kwenye jalada, akaliweka kitandani. Nesi wa utafiti ndiye aliyempa.

"Huyu mwenye miwani usimpe kitu," akasema. "Sasa niambie mimi. Alikufa kwa sababu yako?"

"Sijui, mama. Labda angekufa tu. Ila nilijua saa sita, na nikanyamaza mpaka saa kumi."

"Na yule mume, ile kitu ilimwingia kwenye glavu kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Mama alitoa chungwa kwenye mkoba, akalimenya, akanilisha kipande kimoja kimoja kama mtoto mchanga, kwa kuwa mkono wangu mmoja ulikuwa umefungwa na wa pili una dripu. Alipomaliza akajifuta vidole. "Basi kaseme hivyo hivyo," akasema. "Ukichagua ya kusema na ya kuacha, hutalala."

Nilisema. Nilisema polisi, na miezi saba baadaye nikasema mahakamani, mchomeleaji amekaa kizimbani, mkono ndani ya soksi ya sufu. Nilisoma ile karatasi ya mashine pamoja na saa yake. Nilimweleza hakimu kuhusu simu ya Profesa, na kwamba hakuna aliyenifunga miguu nisitembee hatua mia mbili. Mwendesha mashtaka hakufurahi, maana nilikuwa shahidi wake. Wakili wa upande wa pili akauliza kuhusu glavu, akitegemea nitakana.

"Ulijua kitakachotokea?"

"Nilijua. Ndilo somo nililokuwa nafundisha."

"Na baada ya hapo ulimpiga?"

"Mara mbili. Ningempiga ya tatu kama sikuzuiwa."

Hakimu aliacha kuandika akanitazama juu ya meza yake. Alisema mambo yangu hayako mbele yake siku hiyo, na hayajawahi kuwa mbele ya mtu yeyote tangu hapo. Mchomeleaji alipewa miaka mitano kwa mlinzi na Shemeji. Wakati wanamtoa alipita karibu yangu. Hakunisamehe, wala hakunitukana. Alisema, "Saa sita na robo," kama mtu anayejaribu kuikariri, wakamvuta.

Profesa aliondolewa kwenye utafiti. Sasa kanuni imebadilishwa. Mashine ikisoma juu ya kipimo, mtaalamu anapiga simu wodini papo hapo, kabla ya kuzimua chochote. Mimi sipo tena pale. Mkono wangu hauwezi kushika pipeti zaidi ya robo saa, kwa hiyo napima sukari na mimba kwenye zahanati ndogo, vitu vinavyotoa jibu mgonjwa akiwa bado amekaa.

Shemeji alikasirika nami karibu mwaka mzima. "Mtu amenipasua kichwa, wewe unakwenda kumtetea," alisema. Nilimwambia sikumtetea, nilisema yaliyotokea. Siku moja akanipigia simu mwenyewe, akaniuliza mbona sikumwuliza kamwe kwa nini alisema "mimi." Nikamwuliza. "Nilidhani atanipiga ngumi," akasema. "Ngumi ningeimudu." Tulicheka, kisha nikalia, naye akangoja mpaka nikamaliza, simu imewekwa kwenye sikio lake zima.

Mwezi uliopita mama yake mwalimu alikuja zahanati. Sikumjua mpaka alipojitambulisha. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kanisani au msikitini au kwenye harusi, na hakutaka kupimwa kitu. Nilimpeleka chumba cha nyuma tukakaa kwenye masanduku ya glavu.

"Mahakamani nilikuwa nimekaa nyuma, sisikii vizuri," akasema. "Nataka uniambie wewe. Kutoka saa sita na robo mpaka saa kumi na nusu, ulifanya nini?"

"Nilirudia kipimo, mama."

"Hicho nimekisikia. Nasema, ulifanya nini. Mtu hafanyi kazi masaa manne bila kupumua."

Nilitaka kumwambia kwamba muda mwingi ni kusubiri, kwamba saa nzima sahani inakaa tu mezani imefunikwa. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba katika saa hiyo nilikula chakula cha mchana. Wali, uliokuwa umebaki nyumbani. Niliosha bakuli. Nilizungumza na Shemeji kuhusu mpira.

Aliinuka, akanipiga kofi. Halikuwa na nguvu, mkono wake ulikuwa mwepesi kama karatasi, lakini lilinipata vizuri. Kisha akakaa tena, akawa anahema.

"Aliuliza kuhusu wewe," akasema. "Ile Jumamosi. Alisema yule binti wa mstari ndiye anapima, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi."

Akaniomba maji ya kunywa, nikaenda nikamletea glasi, akanywa yote, akaniuliza mkono umepona au bado unauma wakati wa baridi. Nikamwambia unauma. Alitikisa kichwa. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamsimamishia gari, na alipopanda sikujua nipunge mkono au nisipunge, kwa hiyo nilibaki nimesimama pale mpaka dereva alipoondoka.